Mzee wa Iceland kawaje mbunge kule Manitoba?

BabaDogo_Tanga: Wadau habari za jioni, dogo wangu kapewa kazi ya shule kuhusu wahamiaji wa Kanada kakutana na huyu Sigtryggur Jónasson, katoka Iceland 1872 ana miaka 20, ikifika 1896 ni mbunge wa Manitoba. Sasa Manitoba si kama mkoa tu, bunge linatoka wapi? Na mgeni kura kapewa na nani?

SahareMoja: Kaka kule sio kama hapa mkuu wa mkoa anateuliwa na rais, kila jimbo lina bunge lake linatunga sheria za shule, barabara na mengineyo. Kura sasa, jamaa wa Iceland walikaa pamoja. 1875 walitengewa eneo ufukweni magharibi mwa ziwa Winnipeg wakaliita Iceland Mpya, na huyu Jónasson ndo alikuwa anawahangaikia tangu mwanzo, baadaye 1888 akawa kwenye waanzilishi wa gazeti la Lögberg. Ukiwa na watu na gazeti, siasa inakuita yenyewe.

MamaUsagara: Mnakimbilia kura mnasahau walivyoteseka. Volkano ya Askja kule Iceland 1875 ilifukia malisho kwa majivu, wamefika huko Kanada nyavu zao matundu makubwa samaki wanapita tu, 1876 ndui ikaingia ikaua zaidi ya watu 100, wakafungiwa karantini miezi saba na ushee.

SahareMoja: Kweli mama. Ila kinachoniuma mimi ni ardhi. Babu yangu kaletwa Tanga manamba kutoka Kigoma, kakata mkonge wa watu mpaka mgongo ukapinda, kafa hana hata robo eka. Wale kila familia eka 160, ada ni dola 10. Mtu mwenye shamba lake atagombea, manamba atagombea nini?

Mwarongo77: Nyongeza, Jónasson 1896 aliingia bungeni kwa jimbo la uchaguzi la St. Andrews, la Gimli ni 1907, chama Liberal. Na kama dogo anataka mkulima haswa amtafute Skúli Sigfússon wa Lundar, kaingia bungeni 1915.

BabaDogo_Tanga: Ahsanteni sana. Dogo hapa anauliza, ziwa likiganda nyavu wanatupaje?

Mwarongo77: Hawatupi. Wanatoboa barafu, wanasukuma mti mrefu wenye kamba kwa chini mpaka tundu la pili, halafu ndo wanavuta wavu kwa ile kamba. Nenda kawasimulie wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga uone watakavyokucheka.