Pingi inaruka usiku kwenye DSL ya laini ya mezani, Tabora. Naombeni ushauri

KijanaWaIsevya
Wakuu, habari za jioni. Naishi Isevya, hapa Tabora mjini, nyumba ya babu. Tuna DSL inayopita kwenye laini ya simu ya mezani, ule waya wa shaba wa siku nyingi. Kupakua kilobiti 4,096 kwa sekunde, kupandisha 512. Kwa video haina neno. Shida ni gemu la mpira kwenye PS4. Mchana pingi (muda wa data kwenda na kurudi, kwa milisekunde) iko 150 hadi 170, navumilia. Ikifika saa mbili usiku inapita 900, mchezaji anaganda, akizinduka nimeshafungwa. Juzi nimekula sita bila, tena kwa mdogo wangu aliye chuo Dodoma. Simu zake sipokei mpaka leo. Modemu iko sebuleni, mimi chumbani natumia waifai. Nipandishe kifurushi?

Bwana_Asali
Lipia kikubwa mkuu, hakuna namna nyingine.

FundiRuta
Usikimbilie kutoa hela. Kasi na ucheleweshaji havitembei pamoja. Ukiongeza mabehewa treni inabeba watu wengi, ila haiwahi kufika Kaliua kwa sababu hiyo.

Pima kwanza. Chukua laptopu, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ping na anwani ya modemu, mara nyingi ni 192.168.1.1. Halafu andika tracert na anwani yoyote ya nje, uone kituo cha kwanza baada ya modemu yako, nacho ukipime. Fanya mara mbili: simu zote za nyumbani zikiwa zimezimwa data, kisha saa mbili usiku watu wote wakiwepo. Leta majibu hapa.

KijanaWaIsevya
Nimerudi. Modemu kwa waifai: 2 hadi 90, inarukaruka. Kwa kebo: 1 tu, imetulia. Kituo cha kwanza, nyumba ikiwa kimya: 48. Saa mbili usiku: 870! Halafu nimegundua kitu. Dada anauza vitenge, jioni ndiyo anapiga picha za mzigo, na simu yake inazipandisha zenyewe mtandaoni.

FundiRuta
Mchawi umempata, na usigombane na dada, ndiye anayeleta hela. Hesabu ni hii. Pakiti moja kubwa, yaani kifungu cha data, ni baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kwa mlango wa kilobiti 512 inachukua kama milisekunde 23 kutoka. Picha za vitenge zikipanga foleni pakiti 35 ndani ya modemu, hiyo ni zaidi ya milisekunde 800, na kapakiti kako kadogo ka "piga shuti" kanasimama nyuma yao wote. Modemu nyingi hazikatai mzigo, zinaujaza tu kwenye bafa, kumbukumbu ya kusubiria zamu.

Dawa ni kuifanya foleni isijengeke. Kama modemu yako ina QoS (mpangilio wa kugawa na kupanga zamu za data), wekea upande wa kupandisha kikomo cha chini ya 512. Kumbuka DSL za namna hii husafirisha data kwa seli za baiti 53, na mzigo wenyewe ni 48 tu, kwa hiyo 512 yako si 512 kamili. Anza na 400, pandisha kidogo kidogo huku unapima. Kama haina, tafuta ruta ya mtumba inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta), weka fq_codel au CAKE, ambazo ni njia za kusimamia foleni, modemu ibaki daraja tu la kupitisha data. Leo hii ukikosa vyote, simu ya dada ipange ipandishe picha saa nane usiku.

Na vuta kebo mpaka chumbani. Ile 90 ya waifai ni yako peke yako.

MzeeWaShaba
Vijana mmesema vizuri, lakini hiyo 48 mmeiacha. Hata kama kituo hicho kiko Dar, kwa reli ni kilomita 840. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unaenda na kurudi kwa milisekunde kama 8. Arobaini zilizobaki zimekaa wapi?

Mwanangu, nadhani laini yako imewekewa intalivingi. Kule kwenye mtambo wa kampuni ya simu wanachanganya biti na kuzitawanya, ili kelele ikipiga kwa ghafla isiharibu kipande kizima. Inasaidia waya mbovu, lakini inakula muda. Unaomba wakubadilishie iwe fastipathi, yaani biti zipite moja kwa moja bila kuchanganywa. Wewe huwezi kuigusa ukiwa nyumbani.

Kabla hujaomba, safisha nyumba yako. Inua mkono wa simu usikilize. Ukisikia mkwaruzo kama mtu anakaanga karanga, kuna kiungo kimeoza. Nyumba za babu zina soketi tatu nne zilizounganishwa kwa kusokota. Chomeka modemu kwenye soketi ya kwanza pale waya unapoingia, hizo nyingine zitenge, na kila simu iwe na kichujio chake cha kutenga sauti na data. Kisha fungua ukurasa wa modemu usome SNR, akiba ya ishara dhidi ya kelele: ikiwa chini ya desibeli 6, fastipathi itakukatia laini kila saa. Na radi zikianza, chomoa. Nimeona modemu nyingi zimekufa Novemba.

KijanaWaIsevya
Shikamoo mzee. Soketi ya chumba cha babu imejaa mchwa kabisa! Nitaikata.

Binti_Kanyenye
Usisahau seva. Gemu likikupeleka Frankfurt, ni zaidi ya kilomita 6,000 hata kwa mstari wa ndege, kwa hiyo chini ya 60 huwezi kupata hata ukilala na modemu. Kama linakuruhusu kuchagua, jaribu Afrika Kusini, pima zote mbili.

KijanaWaIsevya
Mrejesho. Kebo mita 15 imepita juu ya dari, kikomo 400, soketi ya mchwa nimeitoa. SNR imetoka 5 hadi 11. Usiku, dada akiwa kazini na picha zake, kituo cha kwanza ni 50 hadi 80. Gemu 165. Fastipathi nimeomba, wamenipa namba ya ombi, nasubiri. Mdogo wangu nimempigia, Jumamosi saa mbili usiku.

MzeeWaShaba
Marahaba. Wakikujibu hawaijui, waambie wampe simu fundi wa mtambo.