Wauza magari mapya, acheni kuwaambia watu "usizidi 80": mnaua injini

Wakuu,

Hili jambo linatia hasira na sitalizungumza kwa upole. Mtu ananunua gari jipya kabisa, anasaini rundo la makaratasi, anapigwa picha na ufunguo, halafu kuhusu injini anaambiwa sentensi moja: "Kilomita elfu za kwanza usizidi 80." Basi, kwaheri. Mwingine anaambiwa injini za siku hizi zimeshazoezwa kiwandani, we kanyaga tu. Maneno yote mawili yanaweza kuharibu injini, na anayekuja kulipa ni mnunuzi, gari likishaanza kula oili.

Nianze na hilo la kiwandani kwa sababu ni fupi. Injini nyingi zikishafungwa huzungushwa kwa mota ya umeme kwa dakika chache ili kupima mgandamizo, presha ya oili na kama kuna sehemu inavuja. Nyingine hata haziwashwi mpaka ziwe ndani ya gari. Huko ni kukagua ubora. Ringi za pistoni (pete za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda) hazijakaa bado.

Sasa hiyo 80. Ukuta wa silinda mpya si laini kama watu wanavyodhani. Umechorwa kwa makusudi mikwaruzo myembamba inayopishana kama wavu, ambayo kazi yake ni kushika oili na kuisaga ringi kidogo kidogo mpaka ilingane na ukuta wake. Ringi yenyewe ina mkunjo wa kujitanua, lakini nguvu hiyo ni ndogo. Kinachoibana sawasawa ukutani ni gesi ya mlipuko, inayopenya kwenye mfereji wa pistoni na kuisukuma ringi kutoka nyuma. Ukikanyaga mafuta kwa kiasi, msukumo upo. Ukiliendesha gari kama yai, msukumo ni mdogo, ringi inapapasa tu. Oili inaweza kupita juu, ikaungua, ikaganda ukutani na kujaza ile mikwaruzo, ukuta ukang'aa kama kioo. Ukifika hapo hakuna dawa ya chupa: injini inafunguliwa, silinda zinachorwa upya, ringi mpya zinawekwa. Dalili zake ni moshi wa bluu, plagi zenye oili, na kiwango cha oili kwenye kijiti kinachoshuka kila wiki.

Na spidi ya dashibodi haisemi chochote kuhusu hali ya injini! Kilomita 80 kwa gia ya juu kabisa ukipanda mlima, mshale wa mizunguko ya injini uko chini, ni mateso: presha kubwa inaangukia vikombe vya konrodi (beringi za mkono unaounganisha pistoni na kreni) wakati utando wa oili bado ni mwembamba, na kwenye injini ndogo za turbo mafuta yanaweza kuwaka kabla ya wakati wake na kupasua pistoni. Kilomita 80 hizo hizo kwa gia ya tatu ni habari nyingine kabisa. Muuzaji anayetaja spidi bila kutaja mizunguko, gia na mzigo hajui anachokisema.

Kinachotakiwa ni kubadilisha badilisha. Injini ikishapata moto, yaani baada ya dakika 10 hadi 15 za mwendo wa taratibu (oili huchelewa kupata moto kuliko maji, msidanganywe na mshale wa joto), tafuta barabara isiyo na magari. Weka gia ya tatu. Kutoka mizunguko 2,000 kwa dakika kanyaga nusu ya ekseleta mpaka 3,500, kisha achia mguu kabisa, gia ikiwa ndani, gari lijishikilie lenyewe mpaka 2,000. Rudia mara nane au kumi, halafu endesha kawaida. Kwenye injini ya petroli, ule wakati wa kuachia una maana yake: silinda inavuta oili kidogo, na chembe za chuma zilizosagika zinaoshwa. Kwa dizeli shusha viwango, 1,500 hadi 2,500 inatosha. Usivuke theluthi mbili ya mstari mwekundu, usikanyage mpaka chini, usivute tela, na usiweke mwendo wa kujiendesha wenyewe (cruise control) kwenye barabara ndefu. Fanya hivyo hadi kilomita 1,000, kisha ongeza taratibu. Kitabu cha gari lako kikitaja 1,500 au 2,000, fuata kitabu.

Jambo jingine linalokera ni gari jipya kuachwa linaunguruma nusu saa uwanjani "lipate moto", mara kijana anakuja kulipigia resi ili mteja asikie sauti. Injini ya baridi isiyo na mzigo inamwaga petroli ya ziada ukutani, petroli inaosha oili na kuteremka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Washa, subiri nusu dakika, ondoka polepole. Basi!

Halafu kuna karakana zinazobadilisha oili kwenye kilomita 500 bila kufungua kitabu, na kuweka oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyotengenezwa kwa oili nyepesi ya 0W-20, eti nzito ndiyo inalinda. Njia za oili humo ni nyembamba, na mfumo wa kurekebisha muda wa valvu mara nyingi unaendeshwa na hiyo hiyo oili. Baadhi ya watengenezaji huweka oili maalum ya kuanzia na kusema isiguswe kabla ya wakati. Wengine wanataka imwagwe mapema. Na viongezeo vya kupunguza msuguano kwa kipindi hiki msiweke, kwa sababu msuguano kidogo ndio unaotakiwa.

NYONGEZA, kwa wanaouliza kuhusu gari ambalo tayari linakula oili: msikubali kuambiwa "ni kawaida" kwa mdomo. Egesha sehemu tambarare, zima, subiri dakika 10, jaza hadi alama ya juu bila kuipita, piga picha ya kijiti na ya kilomita. Baada ya kilomita 1,000 pima tena katika hali ile ile, na pima kwa chupa yenye alama kiasi unachoongeza kurudisha pale pale. Watengenezaji wengi wana kikomo chao cha matumizi ya oili. Dai waliokuuzia gari wakuandikie kikomo hicho na kipimo chako kwenye karatasi ya kazi, chenye tarehe na muhuri, kabla dhamana haijaisha.