Naomba ushauri: je, fundi mdogo wa AC za magari anahitaji kibali cha gesi?

FundiTororo (mwanzisha uzi)
Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa viyoyozi vya magari hapa Tororo, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu wakati ambapo magari mengi yaliyotufikia yalikuwa bado yana ile gesi ya zamani, R-12. Siku hizi karibu kila gari linaloingia gereji yangu linatumia R-134a. Jirani yangu ameniambia kwamba NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, inataka gesi hii iingizwe nchini kwa leseni kwa sababu inaongeza joto la dunia. Swali langu ni fupi: je, jambo hilo linamhusu fundi kama mimi, ambaye gari moja namjazia mtu nusu kilo tu, au linawahusu waagizaji wakubwa wa Kampala peke yao? Na je, nikope fedha ninunue mashine ya kuvuta gesi iliyobaki ndani ya gari, au nisubiri? Sipati usingizi. Nitashukuru nikijibiwa na wanaojua.

Mzee wa Malaba
Mwanangu, umenikumbusha mbali. Miaka ya tisini tulikuwa tukifungua valvu na kuiachia R-12 hewani, nasi tukiishangilia kama watoto wanaotazama moshi wa gari moshi. Hakuna aliyetuambia kwamba inatoboa tabaka la ozoni, ingawa Itifaki ya Montreal ilikuwa imekwisha kutiwa saini mwaka 1987. Ikaja R-134a, tukaambiwa kwamba hii haigusi ozoni, tukabadilisha oili na mipira, tukanunua geji mpya. Sasa nayo ina kosa lake. Mimi nilistaafu nikaenda kulima mihogo, na nakushauri uifikirie njia hiyo, kwa maana muhogo haubadilishiwi gesi.

Dereva wa Masafa
Nimeendesha Hiace ya abiria kutoka Busia hadi Kampala kwa miaka kumi na minne, na AC yangu ilikuwa dirisha. Abiria mmoja alilalamika tulipofika Iganga, nikamwambia akae upande wa kushoto, kuna baridi zaidi. Watu waishi hivyo, joto la dunia litapungua lenyewe.

Mhandisi Mtulivu
Nitajaribu kulijibu swali lililoulizwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal zilikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii ya HFC, yaani gesi za kupozea zisizogusa ozoni lakini zinazoongeza joto la dunia, ambazo R-134a ni mojawapo. Uganda iliridhia Marekebisho hayo ya Kigali mwaka 2018. Kwa nchi zinazoendelea za kundi letu, matumizi yalipaswa kusimama pale yalipo kuanzia mwaka 2024, yapungue kwa asilimia 10 mwaka 2029, kisha yaendelee kushuka kwa hatua hadi punguzo lifike asilimia 80 mwaka 2045. Kiasi hicho hakiwezi kusimamiwa bila kujua kinachoingia, na ndiyo maana kila nchi mwanachama inatakiwa iwe na utaratibu wa leseni mpakani.

Kwa hiyo fundi anayenunua mtungi kwa muuzaji aliyeuingiza kwa leseni, akapewa risiti, ni mnunuzi. Anayeuvusha mpakani yeye mwenyewe, au anayevushiwa, amekuwa mwagizaji hata kama mtungi ni mmoja. Kuhusu mashine, kitengo cha ozoni kimo ndani ya NEMA, nenda ukaulize kabla hujakopa. Lakini nami nina swali: hiyo gesi yako unainunua wapi?

FundiTororo
Asante sana, Mhandisi, umenifungua macho. Gesi nanunua kawaida tu, kama mafundi wengine. Naomba turudi kwenye mashine: je, zile zilizotumika zinafaa?

Mama Vipuri
Kaka yangu, ninauza vipuri, na nimezoea wateja wanaouliza bei ya kompresa huku wakificha namba ya gari. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya mashine ambayo hajainunua. Mficha uchi hazai. Umeulizwa gesi umeitoa wapi, nawe umejibu "kawaida tu". Kawaida ya wapi?

FundiTororo
Dada, sikutaka kuwachosha kwa mambo ya kifamilia. Ukweli ni kwamba shemeji yangu ana rafiki upande wa pili wa mpaka, na mwezi uliopita aliniletea mitungi kumi na miwili kwa njia za panya. Nilipewa kwa shilingi 260,000 kila mmoja, wakati dukani naulizwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mitungi ni myeupe na haina karatasi, ila mmoja una maandishi ya R-134a yaliyoandikwa kwa mkono. Nimekwisha kutumia miwili kwenye magari tisa, na moja kati ya hayo ni la shule. Awamu ya pili nimeilipia nusu, nayo inakuja Jumamosi.

Kabla hamjaniponda, naomba mnisikilize. Magari yanashuka Mombasa kutoka Japani kwa maelfu, kila moja lina gesi hiyo hiyo tumboni, na hakuna anayeiombea leseni ya gesi. Yule anayejaza nusu kilo ili mama mjamzito asizirai njiani kwenda Mbale ndiye anaambiwa anaharibu dunia? Hewa hii hatukuichafua sisi.

Mhandisi Mtulivu
Hoja yako ya magari ina uzito. Ni kweli kwamba gesi iliyokwisha kujazwa kwenye gari haiingii katika hesabu ya nchi inayolinunua gari hilo, kwani ilihesabiwa kule lilikotengenezwa. Hesabu yetu ni ya gesi iliyo ndani ya mitungi, na matokeo yake ni kwamba uvujaji wa magari chakavu ya wenzetu tunauziba kwa mgao wetu. Hata mimi sipendezwi na jambo hilo. Nchi tajiri, kwa upande mwingine, zilianza kupunguza mapema, mwaka 2019, na Umoja wa Ulaya ulikwisha kuamua kwamba tangu mwaka 2017 hakuna gari jipya dogo litakalouzwa na R-134a. Mengi sasa yana R-1234yf, ambayo joto lake hewani ni dogo mno, lakini inawaka kidogo na bei yake haishikiki. Japani nayo imefuata mkondo huo, kwa hiyo miaka michache ijayo magari hayo yatakuwa mlangoni pako.

BintiMbale
Mmeshughulika na leseni, nami ninaogopa mtungi. Nilisomea kemia, na naomba nisikilizwe hata kama sijawahi kushika spana. Mtungi usio na karatasi unaweza kuwa na R-134a halisi iliyokwepa ushuru. Unaweza pia kuwa na mchanganyiko wa gesi za kupikia, ambao unapoza vizuri kabisa hadi siku utakapovuja nyuma ya dashibodi na mtu akawasha kiberiti. Kibaya zaidi ni R-40, yaani kloridi ya methili, ambayo wahalifu huichanganya kwa sababu bei yake ni rahisi. Hiyo hushambulia alumini na kuzaa kitu kinachowaka chenyewe kikikutana na hewa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamejazwa gesi chafu ya namna hiyo yalilipuka huko Vietnam na Brazil, na wafanyakazi walikufa. Kondensa za magari yetu zimetengenezwa kwa alumini. Fundi, lile gari la shule lina watoto wangapi?

Asiyedanganyika
Samahani, mimi nina mashaka na uzi huu wote. Hebu tupige hesabu ambayo hakuna aliyeipiga. Mtungi wa kawaida una kilo 13.6. Miwili ni kilo 27.2. Magari tisa kwa nusu kilo, kama alivyosema mwenyewe, ni kilo nne na nusu. Kilo zaidi ya ishirini na mbili zimekwenda wapi? Fundi aliyerithi kazi kwa mjomba hawezi kukosea hivyo. Huyu ni ama mwanafunzi anayetafuta mifano ya tasnifu, ama muuzaji wa mashine za kuvuta gesi anayetutisha ili kesho atoe tangazo, ama ofisa anayetega mitego. Mtajibu barua za mashahidi wasiokuwapo.

Dereva wa Masafa
Nilijua! Mama mjamzito wa kuzirai njiani alinitia shaka tangu mwanzo. Hadithi ikikwama, huletwa mama mjamzito.

Mama Vipuri
Mimi nami nimeanza kusitasita. Ila gari la mume wangu lilijazwa gesi Tororo wiki tatu zilizopita, kwa bei iliyonifurahisha. Kwa hiyo kama hadithi ni ya kutunga, naomba mtunzi aniambie leo ili nilale.

Mzee wa Malaba
Asiyedanganyika, hesabu yako ni sahihi lakini hujawahi kukaa gereji. Fundi, mwambie unasafishia nini mabomba.

FundiTororo
Nimekasirika na nimeona aibu kwa wakati mmoja. Mimi si ofisa wala mwanafunzi. Sina mtungi wa naitrojeni, kwa hiyo nasafisha mabomba kwa gesi hiyo hiyo: napuliza upande mmoja, uchafu unatokea upande wa pili. Natafutia uvujaji kwa gesi hiyo hiyo, kwa kujaza na kupaka povu la sabuni. Magari mawili yalirudi baridi ikiwa imekwisha, nikajaza upya. Gesi ilipokuwa ghali sikufanya hivyo, niliipima kama mtu anayepima sukari. Ilipokuwa rahisi nikajiachia. Ndivyo kilo zilivyokwenda, na sikujua kwamba zingehesabiwa.

Mhandisi Mtulivu
Basi naomba radhi kwa niaba ya jukwaa, na nalazimika kuimalizia hesabu hiyo. Kilo moja ya R-134a, kwa kipimo cha miaka mia kinachotumiwa katika Marekebisho ya Kigali, hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kabonidioksaidi. Kama ilikuwa R-134a kweli, kilo ishirini na mbili ulizopuliza hewani ni zaidi ya tani 31. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi. Umechoma lita zaidi ya elfu kumi na tatu bila gari lolote kusogea. Siyasemi haya ili kukuonea. Watu wengi hudhani kanuni hizi zimewekwa kwa ajili ya nusu kilo inayobaki ndani ya gari, kumbe sehemu kubwa ya madhara hutokea siku ya matengenezo, kwenye bomba ambalo mteja halioni. Naitrojeni ya kukodi ingekugharimu kidogo kuliko mkopo wa mashine unayoiulizia.

Asiyedanganyika
Nimesoma. Bado sijaridhika kabisa, lakini kama mtu huyu yupo, basi apime. Mtungi ulale kivulini usiku kucha, alfajiri asome joto la hewa na geji. Kwa nyuzi 25, R-134a inapaswa kuonyesha mgandamizo wa kati ya PSI 80 na 85. Anayetunga hadithi hatapata namba inayoeleweka.

BintiMbale
Naongeza tahadhari moja: geji ikikubali, hilo halimsafishi mtungi, kwa sababu mchanganyiko unaweza kutengenezwa ufanane. Geji ikikataa, hapo una jibu. Usijaribu kwa moto kwa hali yoyote.

FundiTororo
Nimepima leo saa kumi na mbili asubuhi. Joto ni nyuzi 24. Mtungi wenye maandishi ya mkono umeonyesha PSI 81. Mitungi mingine mitatu niliyoipima yote imeonyesha 66. Nilidhani geji ni mbovu, nikaazima ya jirani, ikanipa 66 tena. Shemeji anasema nisiwe mwoga, anasema gesi ya baridi ni gesi ya baridi, na fedha za awamu ya pili haziwezi kurudi.

BintiMbale
Kaka, 66 katika joto hilo si R-134a safi, na ni namba ambayo R-40 inaweza kuitoa. Usiifungue mitungi hiyo, usiimwage, na usimrudishie mtu akamuuzie mwingine. Itenge mahali pa wazi, mbali na moto, kisha ripoti NEMA. Magari tisa yazime AC kuanzia sasa, yaegeshwe nje, na fundi yeyote asilegeze nati ya bomba hata moja hadi gesi ipimwe kwa kifaa cha kuitambua. Kuhusu leseni na shemeji, tutazungumza baadaye. Anza na la shule.

Mama Vipuri
Gari la mume wangu ni Premio ya kijivu, ililetwa siku ya Alhamisi jioni. Nijibu hapa hapa.

FundiTororo
Premio ilijazwa kutoka mtungi mmoja na gari la shule, dada. Kuzima AC tu hakutoshi, mumeo asiliendeshe kabisa. Nimewapigia sita, wamenisikia, mmoja amenitukana. Dereva wa shule hapokei simu, na sasa ni saa moja kasorobo, atakuwa ameanza kuwazungukia watoto. Nimepanda boda, namfuata njiani.