Punda wangu anaogopa baiskeli kuliko lori

Mpanda wa Kwihara:
Habari za leo, ndugu zangu. Mara tatu kwa juma humpanda punda wangu kutoka Kwihara hadi Tabora mjini, nikiwa nimefunga madumu mawili ya maziwa kwenye tandiko. Nilidhani hatari ni malori, hasa msimu wa kuuza tumbaku, kumbe lori hutanguliwa na ngurumo yake, punda akalisimamishia masikio, likapita salama. Baiskeli ndiyo inayotushinda. Juma lililopita kijana aliyepakia magunia mawili ya mkaa alitupita mteremkoni kutoka nyuma, karibu kiasi kwamba gunia lilinisugua goti. Punda akaganda palepale, bodaboda iliyokuwa ikifuata ikakwepa na kuzama mchangani, na dumu moja likapasuka, maziwa yote yakanywewa na vumbi. Nilimchapa bakora, nakiri, wala hakusogea. Je, nipite upande gani wa barabara, na nimzoeze vipi?

Mzee wa Mkokoteni, Isevya:
Mwanangu, pole kwa maziwa, ila kwa bakora umekosea, achilia mbali kwamba tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama kwanza apime jambo lenyewe, na ukimchapa wakati huo unamfundisha kwamba baiskeli huja pamoja na maumivu. Azima baiskeli, uiegemeze karibu na pale anapokula pumba kwa siku kadhaa, mpaka ainuse na kuipuuza. Kisha mtu aikokote mbele yake, baadaye ubavuni, na mwisho kabisa nyuma, huku akizungumza. Usimrukishe hatua hata moja. Wangu alichukua karibu mwezi mzima, na hadi leo hataki mwavuli.

Mtunza Farasi wa Zamani:
Shikamoo, Mzee. Niongeze kidogo, kwa kuwa nilipata kuhudumia farasi Uingereza, ambako magari hukaa kushoto kama kwetu. Macho ya farasi na punda yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Baiskeli hutokea hasa pale nyuma asipopaona, tena bila sauti, na mnyama anayewindwa hushtushwa zaidi na kinachonyemelea kuliko kinachonguruma. Kule mpanda farasi hukaa kushoto, akifuata mwelekeo wa magari, na tangu 2022 kanuni za barabarani zinawataka madereva wampite kwa mwendo usiofika kilomita 16 kwa saa, wakiacha angalau mita 2. Waendesha baiskeli nao huaswa wasimkaribie kimyakimya. Ukilazimika kushuka na kumwongoza kwa kamba, jiweke wewe kati yake na magari. Vaa pia fulana ya kuakisi mwanga, kwa sababu punda wa kijivu alfajiri hana tofauti na vumbi.

Mkaa na Baiskeli:
Mimi ni mmoja wa hao mnaowalaumu, ingawa siku hiyo sikuwa mimi. Mita 2 tutazitoa wapi, wakati lami yenyewe tunagombania na mabasi? Baiskeli yenye magunia mawili haisimami mteremkoni hata ukikanyaga breki kwa kisigino, na ukiondoa mkono kwenye usukani utafute kengele, mzigo unakulaza chini. Ukiniambia nitoke kwenye lami, mchanga utanimaliza. Ninachoweza ni kupiga mluzi kuanzia mbali. Nanyi mkiusikia, msimsimamishe punda katikati. Msogezeni kando kabla sijafika, kwa maana yeye ana miguu minne na mimi nina magurudumu mawili.

Mpanda wa Kwihara:
Nashukuru, nimeyapokea yote, pamoja na la bakora. Baiskeli ya shemeji imekaa zizini siku nne sasa. Jana punda aliilamba tandiko. Mluzi nimemwanzishia pia: nikipiga, namvuta kushoto na kumpa ganda la muhogo. Tatizo jipya ni kwamba watoto wa jirani wameshaugundua, na kila wakipiga mluzi anaacha njia na kusimama kwenye mwembe akisubiri ganda lake.