Naomba ushauri: mashua ndogo ya matanga ya kusafiria kati ya Kilifi, Tanga na Pemba

Ndugu mnaoijua bahari, ninakusudia kununua mashua ya faiba iliyotumika, yenye nafasi ya kulala watu wawili. Ninazofikiria ni mbili, zote za futi 26: Westerly Centaur, yenye mikuku miwili (mapezi mazito yaliyo chini ya mashua) na inayozama mita 0.9 tu, na Contessa 26, ambayo mkuku wake mmoja mrefu hushuka mita 1.2.

Centaur inanivutia kwa sababu maji ya bamvua yakitoka husimama yenyewe juu ya mchanga, nami nikapata nafasi ya kuikwangua na kuipaka rangi bila gharama ya kuipandisha pwani. Hata hivyo, inasemekana kwamba zile za zamani huwa dhaifu pale mikuku inapoungana na mwili wa mashua, na kwamba katika kupiga bisho, yaani kwenda upande upepo unakotoka, huachwa nyuma. Je, wakati wa kusi, nikielekea Tanga dhidi ya upepo na mkondo unaopanda kaskazini, kasoro hiyo ya bisho itanitesa, au ningoje kaskazi kama walivyofanya manahodha wa majahazi, ambao pengine wangelicheka swali hili?

Redio ya VHF, paneli ya sola na majaketi ya kuokolea nimeshaviamua. Nanga ndiyo inayonisumbua, kwa kuwa Pemba kina huwa kikubwa hadi karibu kabisa na miamba. Kwa mashua ya tani 3, mnyororo uwe wa unene gani na mita ngapi? Aliyewahi kukagua Centaur anieleze pia nitazame wapi kwanza kabla ya kulipa.