Mjadala: Warsha za kongamano la programu huria, zilipiwe au ziwe bure?

Mwanzisha mada
Makongamano mengi ya programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote) hutanguliza siku moja au mbili za warsha kabla ya mihadhara. PyCon US, kongamano la lugha ya Python huko Marekani, huuza tiketi ya warsha mbali na kiingilio, na wakufunzi wake hulipwa. Django Girls, inayofundisha wanawake kuandika programu, haimtozi mshiriki hata senti. Naiweka hoja kwa kongamano la watu 200 hapa Tanzania, na msimamo wangu ni kwamba zilipiwe. Wanaosema "programu ni bure, basi na mafunzo yawe bure" wanachanganya leseni na ukumbi. Hata GPL, leseni maarufu ya programu huria, inaruhusu kutoza pesa.

Tufanye hesabu ya mfano, chumba cha viti 30 kwa siku moja. Ukumbi 400,000. Mkufunzi 600,000. Wasaidizi wawili 100,000. Ruta, flashi na ekstensheni 100,000. Jumla 1,200,000, aje mtu mmoja au waje thelathini. Chai mbili na chakula cha mchana ni 25,000 kwa kichwa. Tiketi ikiwa 85,000, kila mtu anaacha 60,000 baada ya chakula, kwa hiyo pesa inarudi mtu wa 20 akishalipa. Wakija 12, tumepoteza 480,000.

Mratibu wa mafunzo vyuoni
Hesabu iko sawa, ila umesahau mazingira. Kwetu ukisema "warsha", mtu anauliza posho ni kiasi gani. Miradi imewazoesha watu kulipwa ili wahudhurie, na sasa unamwambia mwanafunzi atoe 85,000. Hatatoa. Utajaza chumba kwa watu ambao tayari wana ajira.

Nakubali kwamba bure kabisa nayo ina ubovu wake. Fomu hujaa upesi, halafu siku yenyewe viti vingi viko wazi na chakula kimeshalipiwa, huku walioachwa nje wangekuja. Dawa ni dhamana ndogo, tuseme 10,000, anayerudishiwa ni aliyefika. Na orodha ya akiba iwepo, nafasi ziachiwe saa 48 kabla.

Mweka hazina
Dhamana ya kurudisha ni kazi ya watu wawili jioni nzima: namba ya simu imekosewa, jina la laini si la mshiriki, tozo za kutuma anabeba nani? Bora 10,000 hiyo isirudi, ihesabiwe kuwa sehemu ya chakula.

Lakini shida kubwa si bei, ni tarehe. Mdhamini akiahidi leo anataka ankara, kisha risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), kisha anasubiri mzunguko wake wa malipo, na pesa inaweza kuingia kongamano likiwa limekwisha. Mwenye ukumbi anataka malipo ya awali. Tiketi ndiyo pesa inayowahi. Na mkilipa mkufunzi msisahau kodi ya zuio, inayokatwa kwenye malipo yake: asilimia 5 kwa mkazi, 15 kwa asiye mkazi. Mkimwahidi mgeni kiasi fulani "mkononi", tofauti inatoka kwenu.

Mkufunzi wa PostGIS na QGIS (programu huria za data ya ramani)
Mnabishana bei huku saa ya kwanza ya warsha inapotea bure. Watu 30 wakipakua kifurushi cha GB 1 kila mmoja, hiyo ni GB 30 kwenye laini moja ya hoteli. Hakuna kinachosonga mpaka saa tano. Andaeni flashi 10 zenye faili za usakinishaji za Windows, macOS na Linux pamoja na data ya mazoezi, mziumbize (format) kwa exFAT, maana FAT32 haibebi faili la kuzidi GB 4. OSGeoLive, mfumo kamili wenye programu za ramani unaowaka kutoka kwenye flashi, inasaidia, ila laptopu za ofisini mara nyingi zimefungwa, haziwaki kutoka kwenye flashi wala hazikubali kusakinisha kitu bila nywila ya mtu wa TEHAMA. Barua ya maelekezo iende wiki moja kabla, na wasaidizi wawe mlangoni nusu saa kabla ya muda.

Msaidizi mmoja kwa watu 10, si zaidi. Bajeti yenu ina wawili kwa 30. Ongezeni wa tatu. Warsha ikifanywa bure, mstari wa kwanza kukatwa ni huo.

Mshiriki mwingine
Kwa nini kampuni moja isidhamini warsha nzima?

Mkufunzi wa PostGIS na QGIS
Kwa sababu itataka mazoezi yafanyike kwenye huduma yake. Kufungua akaunti kunadai kadi ya benki, nusu ya chumba hawana, na warsha ya programu huria inageuka maonyesho ya bidhaa. Kampuni idhamini viti, isiguse mtaala.

Mwanzisha mada
Hapo nakubali, na hesabu inaruhusu. Nikiongeza msaidizi wa tatu kwa 50,000, gharama ni 1,250,000. Wakilipa 24, inabaki 190,000. Viti sita vilivyobaki havigharimu 85,000 kila kimoja, vinagharimu chakula tu: 150,000. Mdhamini anayeambiwa "kiti kimoja cha mwanafunzi ni 85,000" anatozwa ambacho hakipo, labda kama mwanafunzi huyo amekalia kiti cha mtu ambaye angelipa.

Mweka hazina
Wekeni bei mbili. Taasisi 150,000, mtu binafsi 45,000. Taasisi nane zinaacha 1,000,000. Watu binafsi kumi na watatu wa 45,000 wanafunga hesabu ya 1,250,000, na mratibu wa vyuo amepata bei anayoweza kuitetea. Ila LPO (hati ya taasisi ya kuagiza huduma) si pesa. Kiti kithibitishwe malipo yakiingia, na ankara kwa taasisi za serikali ziende mapema kabla mwaka wa fedha haujafungwa Juni 30.

Mratibu wa mafunzo vyuoni
45,000 tunaweza kuisemea. Bado sijajibiwa jambo moja: vile viti sita anachagua nani, kamati au chuo? Chuo kikichagua, atakuja mwenye ukaribu na mkuu wa idara.