Benki imenifungia aplikesheni kisa simu yangu inatumia mfumo wa LineageOS badala ya ule wa kiwandani, halafu wananiona tapeli. Nimechoka!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira tangu Jumamosi na haijapoa hadi muda huu.

Mimi nauza nyanya na hoho. Nachukua mzigo Tengeru siku za soko, Jumatano na Jumamosi, nasambaza kwenye hoteli na migahawa hapa Arusha mjini. Hoteli zinanilipa benki. Mkulima anataka chake palepale, kwenye laini. Riziki yangu inapita hapo: kutoa hela benki kuipeleka kwenye simu ya mkulima.

Jumamosi saa tisa mchana, matenga 12 yako juu ya kirikuu tayari, dereva kawasha gari. Nafungua aplikesheni ya benki, kioo kizima chekundu: "Kifaa hiki si salama. Huduma imesitishwa." Nikazima simu, nikawasha, chekundu kilekile. Siku mbili nyuma ilikuwa inafanya kazi, tena nimeitumia zaidi ya mwaka mzima kwenye simu hiyohiyo. Walichobadilisha ni toleo jipya la aplikesheni yao, bila hata meseji moja ya kututaarifu.

Mzee ninayechukua mzigo kwake mwaka wa sita huu amesimama pembeni na daftari lake. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, kama hela haipo sema tu, nishushe mzigo wangu." Wakuu, hilo neno limenikaa hapa kifuani mpaka leo. Hela ilikuwepo! Ikabidi nimkope mama wa vitunguu 540,000 mbele ya watu. Kwenda benki haikuwezekana, Jumamosi wanafunga mapema.

Jumatatu nikawa wa kwanza mlangoni. Dada wa dirishani kaangalia simu yangu, kasema kwa sauti, "Hii simu imechezewa dada, nunua nyingine." Jamaa nyuma yangu kwenye foleni akadakia kwamba ndio hawa wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Niligeuka nikamjibu, lakini nilikuwa natetemeka.

Sasa nieleze nilichofanya, maana si wizi. Simu yangu ni ya mwaka 2020, na mtengenezaji aliacha kuipa apdeti za usalama mwaka 2023. Betri nzima, kioo kizima, kamera nzuri. Niitupe? Nikakaa usiku mmoja na laptopu, nikafungua butloda (programu ndogo inayowasha simu na kuzuia mfumo wa nje usiingie), nikaweka LineageOS. Huu ni mfumo huria uliotokana na Android. Ulianza Desemba 2016 baada ya CyanogenMod, mfumo uliozaa huu, kufungwa. Msimbo wake uko wazi, anayetaka kuusoma anausoma. Simu iliyokuwa imetelekezwa sasa ina Android 15 na marekebisho ya usalama ya hivi karibuni. WhatsApp inafanya kazi. Ramani natumia Organic Maps, inanifikisha mashambani bila bando. Menyu ya M-Pesa inafunguka kama kwenye simu yoyote. Maisha yangu ya kila siku yamo humo, kasoro hii benki.

Simu ya mume wangu ni Android 9, toleo la mwaka 2018. Apdeti ya mwisho ya usalama ni ya 2020. Kuna wakati matangazo yanajifungua yenyewe akiwa anapiga simu! Tukaweka aplikesheni ileile ya benki jana usiku mezani, simu mbili zikiwa sambamba. Yake ikafunguka bila kuuliza swali. Yangu, chekundu.

Nimesoma mpaka nikaelewa kwa nini. Aplikesheni nyingi za benki zinatumia kipimo cha Google kinachoitwa Play Integrity. Kinachoulizwa hasa ni kama simu ina mfumo ulioidhinishwa na Google. LineageOS haina idhini hiyo, basi inafeli hata ikiwa na apdeti zote. Mfumo wa zamani wa kiwandani, wenye matundu ya miaka mitano, unaweza kupita. Na anayeamua afanye nini na jibu la kipimo hicho ni benki yenyewe. Ingeweza kunipa onyo, au kunipunguzia kiwango cha kutuma kwa siku. Wao wameamua kufunga mlango kabisa.

Najua mtu atasema butloda iliyofunguliwa ni hatari. Ni kweli, simu ikiangukia mikononi mwa mjuzi anaweza kuichezea, na hilo silikatai. Lakini GrapheneOS, mfumo mwingine huria wa Android, kwenye simu za Pixel za Google inakuruhusu kufunga tena butloda, na bado aplikesheni kadhaa za benki zinaikataa. Wakati Android yenyewe ina njia ya kuthibitisha mfumo kwa ufunguo uliomo ndani ya simu, na GrapheneOS wameandika maelekezo ya namna ya kuitumia. Kazi ni ya mtu wa IT wa benki kukaa chini na kuisoma.

Kilichonimaliza kabisa ni suluhisho walilonipa: nijisajili menyu ya nyota na reli, niweke laini kwenye kitochi. Kitochi ambacho hakijawahi kupata apdeti hata moja tangu kizaliwe! Akaunti ni ileile, hela ni ileile, namba ya siri ni ileile. Usalama gani wanaoulinda hapo?

Nimeandika barua ya malalamiko, nimeiacha tawini, nimedai nakala yenye muhuri na nimepewa. Nimeomba wanijibu kwa maandishi ni kigezo gani simu yangu imevunja.

Jumatano ni soko tena. Mwenye LineageOS au /e/OS (mfumo mwingine wa aina hii) hapa Arusha au Moshi ambaye aplikesheni ya benki yake inafunguka, aseme ni benki gani na toleo gani la mfumo. Nikipata jibu kabla ya kesho saa tisa, nakwenda kufungua akaunti huko na hoteli zote nazipa namba mpya.